Ajali Ambazo Hazikutokea

Mimi huandika wasifu wa marehemu kwa malipo. Hapa Busia wengi huuita tu eulojia. Familia inakuja nyumbani, au inanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba ambamo watu wanne wanaongea kwa pamoja. Ninaandika kurasa mbili, wao wanachapisha saiba, na Jumamosi mtu anausoma kwenye maikrofoni chini ya hema. Bei inategemea familia. Nimewahi kulipwa elfu mbili, na nimewahi kulipwa kuku. Chuo kikuu niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Tangu hapo nimeandika kila kitu kinacholipa: matangazo ya maduka ya simu, barua za watu wanaotafuta kazi, hadithi ambazo hazilipi chochote. Katika hayo yote, eulojia ndizo zinazofikia watu wengi zaidi. Hema la watu mia tatu si mchezo. Kuna waandishi wenye vitabu ambao hawajawahi kupata wasomaji mia tatu siku moja.

Ukiandika nyingi unazoea umbo lake. Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu kati ya tisa. Alibatizwa. Alioa. Alijaliwa watoto, wajukuu, vitukuu. Alipenda ng'ombe wake. Kisha inakuja sehemu ya ugonjwa, na hiyo huwa ndefu: hospitali ya kwanza, ya pili, rufaa, ambulensi, saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Na mahali fulani katikati, kati ya ubatizo na ng'ombe, kuna sentensi moja ambayo nimeiandika mara nyingi hadi vidole vinaijua: "Marehemu alifanya kazi na Relwe hadi alipostaafu."

Hiyo ni miaka thelathini. Wakati mwingine thelathini na tano. Ng'ombe wanapata aya nzima, miaka thelathini na tano inapata sentensi moja.

Kosa si la familia. Wazee wengi wa reli katika upande wetu waliishi maisha mawili. Mke alibaki nyumbani, Nambale au Amukura au Butula, akilima na kulea. Mume aliishi kwenye landi za Relwe, zile nyumba za safu moja karibu na stesheni, huko Nakuru, Eldoret, Kisumu au Malaba. Alikuja mwisho wa mwezi na sukari, na likizo akaja na sanduku. Watoto walimjua baba wa mwisho wa mwezi. Yule mwingine, wa katikati ya mwezi, hawakuwahi kumwona. Sasa amekufa, na wewe unamuuliza kifungua mimba wake, "Mzee alikuwa anafanya nini hasa kule Relwe?" Anakutazama. "Alikuwa Relwe tu."

Ukoo una njia zake za kukumbuka. Majirani zetu Wabukusu wakimzika mzee wa heshima wana kumuse: mtaalamu wa shughuli hiyo anatembea uwanjani na fimbo yake, akisimulia ukoo ulikotoka, vita ulivyopita, nani alimzaa nani. Kanisa nalo lina njia yake. Lina daftari la ubatizo, lina namba ya kadi, lina mama wa chama waliovaa sare. Serikali inajua lini ulizaliwa na lini ulikufa. Lakini kazi, ambayo ilikula saa nyingi za maisha ya mtu kuliko ukoo na kanisa na serikali vikiwekwa pamoja, haina mtu wa kusimama na fimbo. Ina wale tu mliofanya nao.

Kwa msomaji wa mbali, nieleze kidogo mahali penyewe. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu, ziwani, mwaka 1901. Baadaye ikajengwa njia nyingine kutoka Nakuru, ikapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikashuka Eldoret, Turbo, Webuye na Bungoma, ikavuka mto Malaba kuingia Uganda. Mwaka 1931 ilikuwa imefika Kampala. Busia haina reli. Busia ina barabara, malori, na baiskeli ambazo zilizaa neno boda boda, kwa sababu watu walibebwa kutoka boda hadi boda. Reli iko Malaba, upande wa pili wa kaunti, mwendo wa matatu moja kupitia Alupe na Adungosi. Lakini wanaume wa Busia nzima waliifuata. Ukiwa kijana wa miaka ya 1950 au 1960 na unajua kusoma kidogo, ama hujui kabisa lakini una mabega, Relwe ilikuwa na nafasi yako.

Kuka yangu, baba ya baba, alikuwa pointimani. Yaani ndiye aliyevuta ule mtaimbo unaobadilisha njia, ili garimoshi liende reli hii badala ya ile. Aliwashuntisha mabehewa ya mafuta, ya mbolea, ya saruji, mchana na usiku. Hayo niliyajua baada ya kumzika. Kwenye mazishi yake walikuja wazee watatu ambao hakuna mtu kwetu aliyewajua. Walikaa nyuma, chini ya mwembe, makoti yamefungwa vifungo vyote licha ya jua. Emsii akamaliza ukoo, akamaliza kanisa, akamaliza wanasiasa, ndipo akasema, "Kama kuna marafiki wa marehemu, dakika mbili." Mmoja akaja mbele. Akasema jina la kuka, kisha akasema namba. Namba ya kazi. Aliitamka yote, bila karatasi, kama mtu anayetaja jina la ukoo. Halafu akasema: "Huyu alikuwa mtu ya pointi. Miaka yote hiyo hakuna behewa lililoanguka mkononi mwake." Akarudi mwembeni. Hakutumia hata dakika moja.

Watu walipiga makofi yale ya heshima, programu ikaendelea. Mimi nilibaki na hiyo sentensi. Behewa ambalo halikuanguka. Nani anapigia makofi behewa ambalo halikuanguka?

Niliwatafuta wale wazee. Walikuwa na chama chao kidogo Malaba, si cha kuandikishwa, cha kukutana tu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, chai ya maziwa na mandazi, mahali pasipo mbali na stesheni, malori yakinguruma barabarani kwenye foleni ya kuingia Uganda. Walikuwa wanachanga mia mbili mbili za matanga. Na walikuwa na daftari, lile la jalada gumu jeusi lenye mgongo mwekundu, wanaloita la ofisi. Ndani yake waliandika waliokufa. Jina, namba, kazi, stesheni, tarehe. Na safu ya mwisho, iliyopigwa mstari kwa rula, ilikuwa na kichwa ambacho sikukielewa mara moja: "Alifanya naye."

Katika kila mstari, palikuwa na jina la mtu aliye hai ambaye alifanya kazi na huyo aliyekufa, zamu moja, stesheni moja, injini moja. Katibu, ambaye zamani alikuwa karani wa bidhaa, alinieleza kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa. "Si kila mtu wa Relwe anaweza kumzungumzia mtu wa Relwe. Mimi siwezi kusema kuhusu dereva. Sijawahi kukaa naye ndani ya injini. Lazima aseme fayamani wake." Fayamani, kwa wasiojua, ndiye aliyelisha moto enzi za injini za mvuke, na jina likamfuata msaidizi wa dereva hata dizeli ilipokuja.

Macho ya katibu yalikuwa yameingia ukungu, na mwandiko wake ulianza kuvuka mistari. Wakaniuliza kama naweza kuandika kwa ajili yao. Malipo ni chai. Nikakubali, na tangu siku hiyo, nikipata kazi ya eulojia ya mtu wa Relwe, sianzi na familia. Ninaanza na safu ya mwisho.

Hivyo ndivyo nilivyomjua mtu wa gengi. Gengi ni kikosi cha kutunza njia: kukaza vyuma vinavyoshika reli kwenye mataruma, kushindilia kokoto, kufyeka nyasi. Nyapara wao huwa na kipande chake cha njia, na kila siku mtu wa gengi hukipita kwa miguu, nyundo begani, spana mkononi, akitazama chini. Huyu wetu alikuwa na kipande kati ya Bungoma na Malaba. Familia yake ilinipa ile sentensi ya kawaida. Binti yake aliongeza kwamba baba alikuwa na tabia ya kutembea akitazama chini hata kanisani, na mama yao alikuwa akimcheka.

Aliyefanya naye alikuwa hai bado, mzee wa Kocholya mwenye sauti ndogo. Akaniambia: masika moja, mvua imenyesha siku nne, mwenzake alitoka usiku bila kutumwa. Alihisi tu. Akakuta maji yamekula udongo chini ya njia, reli na mataruma yake yananing'inia kama kamba ya nguo. Garimoshi la mizigo lilikuwa njiani. Kuna fataki ndogo za bati ambazo hubanwa juu ya reli. Injini ikizikanyaga zinalipuka, na dereva anajua mbele kuna hatari. Akazibana, akakimbia mbele zaidi na taa nyekundu, kwenye giza, kwenye matope, na garimoshi likasimama. Dereva akashuka, akaona, akakaa chini kwenye kokoto. Hakusema kitu kwa muda. Asubuhi gengi lote likaja, wakajaza mawe, jioni njia ikafunguliwa.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini? Kazi ikaendelea."

Hakuna gazeti lililokuja. Lingeandika nini? Garimoshi halikuanguka. Tarehe 30 Januari 1993, garimoshi la abiria kutoka Nairobi kwenda Mombasa lilitumbukia mtoni Ngai Ndethya usiku, baada ya mafuriko kuharibu daraja, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Hilo tunalijua. Limeandikwa, lina tarehe, lina jina la mahali. Na inafaa lijulikane. Lakini nilipokuwa nikiandika ule wasifu niliona kwamba kuna kazi ambazo zikifanywa vizuri haziachi alama yoyote. Fundi wa nyumba anaacha nyumba. Mwalimu anaacha wanafunzi. Mtu wa gengi anaacha usiku ambao hakuna kilichotokea. Ushahidi pekee wa maisha yake umo kichwani mwa mtu mwingine aliyekuwepo, na huyo mtu ana miaka themanini na miwili, na sukari.

Niliandika aya nne kuhusu usiku ule. Binti yake ndiye aliyesoma. Alipofika kwenye ile taa nyekundu alisimama kusoma, na hema lote likawa linamsubiri. Kisha akasema, si kwenye karatasi, "Kumbe ndiyo maana alikuwa anatazama chini."

Usidhani wenzake wa kazini hutunza mazuri tu. Hilo ndilo jambo lingine nililojifunza. Familia hutunza mazuri. Wenzake hutunza yote.

Kulikuwa na dereva. Mzee wa maana, mzee wa kanisa, nyumba ya mabati ya rangi. Fayamani wake alinieleza jinsi alivyoipandisha mizigo Timboroa bila kuichosha injini, jinsi alivyojua kwa kusikia tu kwamba gurudumu la behewa la kumi lina tatizo. Halafu akanyamaza, akakoroga chai ambayo ilikuwa imekorogwa tayari. Akasema kwamba kwenye kivuko kimoja upande wa juu, waliwahi kumgonga mtu. Mwanamke aliyekuwa akivuka na mzigo. Garimoshi zito halisimami kama matatu. Unaona, unafunga breki, unaendelea kuona. Uchunguzi ulifanywa, dereva hakupatikana na kosa lolote, akarudi kazini. Lakini tangu siku hiyo hadi anastaafu, kila alipokaribia kile kivuko alipiga honi mapema mno, ndefu mno, hadi walipokwisha kupita. Hata usiku wa manane, hata pasipo na mtu. Wenzake hawakuwahi kumuuliza. Kila fayamani mpya aliambiwa na wa zamani: ukisikia honi hiyo, tazama mbele na unyamaze.

Niliwapelekea watoto. Mtoto wa kiume, aliyekuwa akilipia kila kitu, alisoma na kusema, "Hiyo toa." Nilielewa. Mtu hataki kusikia kwenye maikrofoni, mbele ya wakwe, kwamba baba yake aliwahi kuua mtu, hata kama hakuua. Lakini nilimwomba tubaki na nusu. Tukakubaliana kuandika hivi: kwamba marehemu alikuwa dereva mwangalifu, na kwamba kwenye kivuko kimoja alipiga honi ndefu kila alipopita, maisha yake yote ya kazi. Bila sababu. Siku ya mazishi ilisomwa hivyo. Wageni wengi waliisikia kama sifa ndogo ya kawaida. Nyuma kabisa, kwenye viti vya plastiki, wazee wanne wa Relwe waliinamisha vichwa kwa wakati mmoja.

Sijaamua bado kama wasifu ule ni wa kweli au ni wa uongo. Nadhani ni wa kweli kwa watu wanne.

Reli hii yetu pia ilikuwa na wenzake wa ng'ambo. Kuanzia 1948, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja. Mtu angeweza kuajiriwa Kisumu, akafunzwa Nairobi, akahamishiwa Tororo, akapandishwa cheo Tabora. Kiswahili kiliwaunganisha, kile cha Relwe, chenye stesheni masta na gadi na shunti ndani yake. Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Shirika moja likawa matatu. Kugawana mali na madeni kulichukua miaka mingi ya upatanishi chini ya Mswisi, Victor Umbricht, hadi mkataba ukatiwa sahihi Arusha mwaka 1984. Wastaafu wa Jumuiya upande wa Tanzania walikuwa bado wanadai haki zao miaka ya 2000, mahakamani na kwenye barabara za Dar es Salaam. Mikataba hugawa injini na meli na madeni. Sijasikia mkataba uliogawa watu waliokuwa wakila chungu kimoja. Malaba ikawa mahali ambapo injini ya Kenya inaachia mabehewa na ya Uganda inayachukua. Waliokuwa wenzake wakawa majirani wa nchi nyingine, na enzi za Amin, kuvuka mto kumsalimia mwenzako hakukuwa jambo la kuamua asubuhi ukaenda mchana.

Mwaka juzi mama mmoja alivuka kutoka Tororo akitafuta "wazee wa Relwe wa Kenya". Baba yake alikuwa amefariki. Alikuwa gadi, yaani yule anayekaa behewa la mwisho na bendera zake, na kabla ya 1977 alifanya kazi upande huu. Alikuwa na picha moja: wanaume sita mbele ya behewa. Nyuma hapakuandikwa kitu. Alitaka kujua wale watano ni akina nani, kwa sababu baba yake, wiki za mwisho, alikuwa akiita majina ambayo nyumbani hakuna aliyeyajua, na walidhani ni homa.

Tulimpeleka kwa katibu. Lakini katibu haoni. Akamwambia, "Mama, kaa hapa. Nisimulie picha."

Akasimulia. Wa kwanza kushoto ni mrefu, ameshika kofia mkono wa kushoto. Katibu akasema jina na namba. Wa pili amevaa suruali fupi, ana kovu au ni kivuli, hapa usoni. Jina na namba. Wa tatu anacheka. "Ana pengo?" Ana pengo. Jina, namba, na jina la utani ambalo siwezi kuliandika. Walienda hivyo hadi wa sita. Nilikuwa nikiandika haraka, na yule mama alikuwa ameanza kulia polepole bila kuacha kusimulia, kwa sababu matatu kati ya hayo majina ndiyo aliyokuwa akiita baba yake. Haikuwa homa. Alikuwa akipanga zamu.

Katika waliokuwepo siku ile, aliye hai ni mmoja, naye hakuwa kwenye picha. Alikuwa ndiye aliyeipiga.

Makumbusho ya Reli kule Nairobi yamekuwepo tangu 1971. Yana injini kubwa ya Garratt namba 5918, iliyotengenezwa Manchester na kupewa jina la mlima, Mount Gelai. Injini zote za aina ile zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 wamehifadhiwa kwenye Field Museum, Chicago, na watoto wa Kimarekani huenda kuwatazama. Wahindi walioletwa kujenga ile njia walikuwa 31,983, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Tunawajua kama hesabu. Sisemi injini zisihifadhiwe. Nimesema tu kile ambacho yule mzee alisema chini ya mwembe kwa vitendo: injini zilipewa majina, na watu walipewa namba, na ikawa kwamba namba ndiyo waliyopeana wenyewe kwa wenyewe kama jina.

Sasa, ninaandika haya kwa sababu ile safu ya mwisho inaisha. Nilipoanza kuandika kwenye lile daftari, kila aliyekufa alikuwa na watu wawili au watatu wa "alifanya naye". Siku hizi mara nyingi ni mmoja, na mara nyingi ni yule yule. Mzee wa Kocholya alifariki Agosti. Nilipofika kujaza mstari wake, nikaandika jina, namba, gengi, tarehe. Nikamuuliza katibu, alifanya na nani? Akafikiria kwa muda mrefu, vidole vikihesabu mezani. Akasema, "Acha wazi kwanza."

Reli yenyewe haijafa. Ilikodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2006, mkataba ukavunjwa mwaka 2017, mwaka ule ule reli mpya ilipofunguliwa Mombasa hadi Nairobi. Ile mpya ikafika upande wa Naivasha mwaka 2019 ikasimama. Hii ya zamani, ya upana wa mita moja, ikakarabatiwa, na mizigo inapita bado. Usiku nikilala Malaba ninaisikia. Vijana wanaoiendesha sasa wana simu na setilaiti, na nadhani nao wana usiku wao ambao hakuna kilichotokea.

Na si Relwe tu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifunga milango 2009. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Kila nyumba ya tatu upande wetu huu ina mtu aliyekuwa "wa kampuni", mwenye kofia ngumu iliyotundikwa ukutani na cheti cha miaka ishirini ya utumishi. Siku moja familia yake itaniletea ujumbe wa sauti wa dakika saba, na nitaandika sentensi ile.

Kwa hiyo ninaomba jambo dogo, na ni la kikazi zaidi kuliko la moyo. Ukiwa na mzee wa namna hiyo nyumbani, usimuulize alifanya kazi gani. Atakujibu kwa neno moja, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuwajibu watu wasiojua. Muulize alifanya na nani. Andika jina na namba ya simu, hata ya mtoto wa huyo mtu. Kisha mtafute huyo mwingine, umuulize kuhusu mzee wako. Nenda na sukari. Nenda mapema, kwa sababu wazee hawa huchoka ifikapo saa nane mchana.

Mstari wa mzee wa Kocholya bado uko wazi. Binti wa mtu wa gengi amenipigia simu wiki hii. Amesema baba yake alipokuwa hai alikuwa akimtaja mtu wa Kocholya, kwamba walikuwa wakigawana chakula njiani, na kwamba mtu huyo alikuwa akiimba kwa sauti ndogo ili mwenzake ajue yuko umbali gani gizani. Yeye hakufanya kazi Relwe, amesema, lakini hayo aliyasikia kwa masikio yake. Ameuliza kama hiyo inaweza kuandikwa. Nimempelekea katibu swali lake. Tunakutana Jumamosi ya kwanza.